Maneno ya Nyuma ya Picha

Wahakiki wa Kiswahili wameyachambua maneno ya kanga na misemo inayoandikwa kwenye magari ya abiria. Fani moja iliyo jirani ya hizo imepitwa: maneno yanayoandikwa nyuma ya picha. Kila aliyewahi kufungua bahasha ya picha za wazee wake anayajua. Kwa kawaida huanza na neno "ukumbusho", likafuatwa na jina la anayepewa, kisha jina la mtoaji, mji na tarehe. Mara nyingine huongezwa ombi la dua, au utani mfupi ambao walioufahamu walikuwa wawili tu. Ni maandishi ya mistari mitatu au minne, yenye kanuni zake kama zilivyo kanuni za barua, na sifa yake kubwa ni kuwa na mlengwa mmoja. Picha haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya fulani, naye aliambiwa hivyo kwa wino.

Leo picha hizo hizo zimeanza maisha ya pili. Sisi tulio Muscat, London au Toronto tunazipokea karibu kila wiki katika makundi ya familia: mtu amefungua sanduku Unguja au Mombasa, ameipiga picha ile picha kwa simu yake, akaituma. Jambo la kwanza ambalo msomaji makini hulibaini ni kwamba mtumaji hakuigeuza. Tunapewa uso, hatupewi mgongo. Muhuri wa studio, tarehe, mwandiko, jina la shoga aliyetunukiwa, vyote vimelala kifudifudi juu ya meza, na huku watu sitini wanaulizana, "Huyu wa kulia ni nani?", pengine jibu limeandikwa upande wa pili.

Mahali pa maneno ya nyuma pamechukuliwa na maneno ya chini ya picha. "Enzi hizo." "Unguja yetu." "Zama za ustaarabu." Nayaona kuwa maandishi dhaifu, na udhaifu wake hautokani na ufupi, kwani maneno ya nyuma nayo yalikuwa mafupi. Udhaifu ni kwamba hayana mlengwa wala mahali. "Enzi hizo" inaweza kuwekwa chini ya picha yoyote iliyofifia, ya Lamu au ya Tabora, ya arusi au ya maziko, na isidaiwe kitu. Yaliyoandikwa kwa wino yalimfunga mwandishi: ukiandika "Wete, sikukuu ya pili" umetoa ushahidi, na mtu anaweza kukusahihisha. "Zama za ustaarabu" haisahihishiki. Tena angalia pembezoni mwa picha nyingi zinazopewa sifa hiyo. Yupo msichana amesimama nusu ndani nusu nje ya fremu, amembeba mtoto asiye wake. Katika majibu yote yanayofuata, kila mtu hutajwa, hata mtoto aliyebebwa, ila yeye. Ustaarabu unaosifiwa ulikuwa na watumishi, na maneno yetu ya chini ya picha yanaendelea kuwatumikisha kwa kuwanyima majina.

Sisemi kwamba picha za zamani zenyewe zilikuwa za kweli kuliko maneno yetu. Studio ilikuwa ukumbi wa michezo. Katika Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mjini Unguja mwaka 1930, au kwa N. V. Parekh mjini Mombasa, mtu alikwenda amevaa nguo zake bora, akapangwa, akawashiwa taa, akageuzwa kidevu. Alichopeleka nyumbani ni jinsi alivyotaka kuonekana. Picha mashuhuri kuliko zote za mtu wa kwetu aliye ugenini inathibitisha hayo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuitwa Emily Ruete, akaishi Hamburg. Picha inayomwonesha katika mavazi kamili ya kifalme ya Unguja, ile inayopamba majalada ya vitabu na kuta za makumbusho, ilipigwa katika studio ya Hamburg. Unguja tunayoiona pale imejengwa mbele ya mpigapicha wa Kijerumani, na aliyeivaa alikuwa amekwisha kuipoteza. Picha haikuweza kulisema hilo. Alilisema mwenyewe kwa maandishi, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, na zaidi katika zile barua za nyumbani ambazo hazikuchapishwa wakati wa uhai wake. Humo ndimo yanamopatikana maisha ya kila siku, baridi, ujane na upweke, ambayo yale mavazi yalifunika.

Upande wa pili wa bahari mchezo huo ulichezwa kinyume. Mwanaanthropolojia Heike Behrend amewaandika wapigapicha wa kivuko cha Likoni, ambao vibanda vyao vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu ya miji ya mbali. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Mtu alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaipeleka kijijini. Salme, aliyekuwa amesafiri, aliigiza kwamba hakuondoka. Kibarua wa Likoni, ambaye safari yake iliishia kivukoni, aliigiza kwamba amepaa. Sioni sababu ya kumcheka yeyote kati ya hao. Mama aliyeipokea ile picha ya ndege hakudanganyika, nadhani. Alisoma ujumbe ulivyokuwa: mwanangu yu hai, na ana ndoto.

Ni ujumbe huo huo tuliokuwa tukiupeleka kutoka Ulaya na Ghuba. Kijana ameegemea gari lisilo lake, theluji nyuma, koti la kuazima. Hakuna aliyepiga picha ghala la zamu ya usiku, wala chumba cha watu wanne chenye kitanda kinachopokezanwa. Familia nazo zilikubali kuusoma ule uso wa picha bila kuuliza juu ya mgongo. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Admiring Silence ya mwaka 1996, inanifaa hapa kuliko kitabu chochote cha nadharia. Msimulizi wake, Mzanzibari anayeishi Uingereza, anamtungia mwenzake wa Kiingereza na wazazi wake hadithi za nyumbani anazojua wangependa kuzisikia, na nyumbani nako amenyamaza kuhusu huyo mwenzake na binti waliyemzaa. Kila upande una picha yake nzuri. Kinachomwangusha ni kwamba siku ya kuzieleza picha hizo ikifika hana lugha iliyobaki, kwa sababu maneno ameshayatumia kupamba.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba tuache kupeleka picha. Nataka maandishi yaliyo sawa na kile yanachokisindikiza, na mfano tunao wa zamani kabisa. Selim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia katika miaka ya 1890, alisimulia safari yake kwa Kiswahili, na simulizi hiyo imo katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901. Hakuwa na simu ya kuonesha barafu. Alilazimika kuieleza kwa mtu asiyewahi kuiona, na nidhamu ya kazi hiyo ndiyo inayofanya nathari yake isomeke hadi leo. Sisi tunayeweza kuonesha kila kitu tumeacha kueleza. Picha ya sahani ya biriani iliyoliwa Istanbul inatumwa na neno "alhamdulillahi" peke yake, na baada ya miaka thelathini mjukuu atakuwa na sahani na shukrani, asijue nani alimshukuru Mungu kwa lipi.

Lipo swali gumu zaidi ambalo wapenzi wa picha za kale hulikwepa. Bibi aliyepigwa picha mwaka 1961 akiwa kichwa wazi, nywele zimesukwa, alipigiwa shoga yake, na nyuma aliandika jina la huyo shoga. Kuisambaza kwa mamia ya watu ni kuufuta ule wino. Katika arusi zetu bado simu hukusanywa mlangoni wanawake wanapojumuika, na hakuna anayeona hilo kuwa uadui na kumbukumbu. Vijana wa diaspora hujibu kwamba bibi mwenyewe alikubali kupigwa. Alikubali kupigwa, naam. Kwa macho ya nani, ndilo lililoandikwa upande wa pili. Kwa upande wangu naona kauli ya marehemu iliyoandikwa kwa mkono wake ina nguvu kuliko hamu yetu, hata hamu hiyo iwe ya mapenzi. Roland Barthes, katika kitabu chake juu ya upigaji picha cha mwaka 1980, anairudia tena na tena picha moja ya mama yake alipokuwa mtoto, na picha hiyo hakuichapisha. Msomaji anaijua kwa maneno tu, na kitabu hakikupungukiwa.

Andiko bora la aina hii nililolipata mwaka huu ni la kusikika. Katika kundi letu ilitumwa picha ya wanawake watatu studioni, chini yake "Zama za ustaarabu". Mama mkubwa, aliyebaki peke yake kati ya wale watatu, alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Alisema viatu vilikuwa vya studio, tena vikubwa, ndiyo maana dada yake amejiinamia. Alisema siku ile mvua ilinyesha, wakaingia na kanga zimelowa, mpigapicha akawafukiza udi kwa utani. Alimtaja kwa jina msichana wa pembeni, akataja na nyumba ya kwao Ng'ambo, akasema huyo ndiye aliyemfundisha kusuka ukili, na kwamba alilia siku alipoondoka kwenda kuolewa Makunduchi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, picha hiyo ifutwe, kwani mwenye kichwa wazi pale hakuitoa kwa watu. Ilifutwa saa hiyo hiyo. Wapo waliokuwa wameshaipeleka kwingine, na mmoja wao ameniambia hatairudisha. Ujumbe wa sauti tumeuhifadhi, na binti yangu ameshaunakili kwa maandishi, pamoja na jina la yule wa Ng'ambo.