Kinasa cha Bei Rahisi: Chungulia Ncha Kabla ya Kutoa Pesa

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngamiani, Tanga, ubishi wa nani kamfunga nani humalizwa na mwenye sauti kubwa, maana hakuna aliyerekodi. Ukielekeza simu kwenye runinga unapata mistari inayotambaa, taa ya dari iking'aa katikati ya kioo, na mtu wa nyuma akidai zamu yake. Picha safi inataka kinasa: kifaa chenye umbo la flashi, kinachopokea waya wa HDMI wa mashine upande huu na kuchomekwa kwenye USB ya kompyuta upande wa pili.

Mwenye PS4 asikimbilie dukani. Kitufe cha Share kwenye pedi yake kinahifadhi dakika 15 zilizopita, na mipangilio inaruhusu hadi 60. Kwenye PS4 ya kawaida picha ni ya 720, fremu 30 kwa sekunde. Kama shida yako ni kumwonyesha shabiki wa African Sports goli ulilofunga na Coastal Union uliyoitengeneza mwenyewe ndani ya PES, inatosha na kubaki. Kinasa ni cha anayetaka mashindano ya kutwa nzima, au kutangaza mpira huku anacheza, au mwenye mashine isiyo na kitufe hicho.

Vinasa vya bei ya chini vina majina mengi, lakini ndani vingi vina chipu ileile, MS2109. Boksi litajisifu kwa 4K. Si uongo mtupu: 4K kinasa kinaipokea, ila kinachokabidhiwa kompyuta ni 1080 ya fremu 30, au 720 ya fremu 60. USB 2 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, tena kwa hesabu za karatasini. Picha ya 1080 ya fremu 60 ambayo haijabanwa hudai karibu 2,000. Kwa hiyo chipu inabana kila fremu kabla ya kuituma, na kule kubana ndiko kunakozaa chenga. Kwa mpira na magari mimi huchagua 720 ya fremu 60 bila kusita. Mpira unaoruka kwa kudonoadonoa unaudhi kuliko nyasi zisizohesabika.

Muuzaji akikuambia hiki ni USB 3, usitazame rangi ya buluu. Plastiki ya buluu haina gharama. Chungulia ndani ya ncha. USB 3 ya kweli ina vipande vinne vya shaba mbele na vingine vitano nyuma yake. Ukiona vinne tu, lipa bei ya USB 2.

Jaribio lifanyike palepale dukani, na lisiwe la picha iliyosimama, kwani menyu hupendeza kwenye kinasa chochote. Piga pasi ndefu kutoka winga hadi winga, kamera ikimbie, halafu rudisha ulichorekodi. Tazama namba za ubao wa magoli: kingo zake zimevimba? Tazama jezi nyekundu juu ya kijani: rangi imemwagika nje ya mwili? Kisha vaa spika za masikioni. Vinasa vingi vya chipu hii hujitambulisha kwa kompyuta kuwa vina sauti ya njia moja, na shangwe za uwanja zote zinarundikana katikati. Mwisho kiache kifanye kazi huku mnapatana bei, ukiguse. Joto la Tanga wakati wa kaskazi halihurumii kifaa kilichochemka tangu dukani.

Kioo kikiwa cheusi, usirudishe kinasa kwanza. PS4 hufunga picha kwa ulinzi wa HDCP. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo uuzime. Kwenye PS3 ulinzi huo hauzimiki katika HDMI, hivyo tumia waya wa AV. PS2 haina HDMI kabisa. Nayo, kama PS3 ya waya wa AV, inataka kinasa cha matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, na programu iwekwe kuondoa mistari, la sivyo kila mchezaji anayekimbia atakuwa na kingo zenye meno kama chanuo.

Kosa linaloharibu mechi nyingi ni kucheza ukitazama picha ya kwenye kompyuta. Inachelewa, na kwenye penalti utajuta. Kama kinasa hakina tundu la kurudisha picha kwenye runinga, ongeza kigawanyi cha HDMI: njia moja kwenye runinga, nyingine kwenye kinasa.

Kompyuta mpakato ya mtumba yafaa, mradi kichakato chake kiwe na sehemu maalumu ya kubana video. Intel Core nyingi za kuanzia mwaka 2011 zinayo. Programu ni OBS Studio, ya bure. Ukishaiweka, hakikisha jambo moja kabla ya mengine yote: irekodi kwa MKV, si MP4. Betri za mitumba mara nyingi zimekufa, na umeme ukikatika dakika ya 80, faili la kawaida la MP4 ambalo halijafungwa huwa halifunguki tena, wakati la MKV linabaki na karibu kila kilichorekodiwa. Ukitaka MP4 ya kutuma, OBS yenyewe itakugeuzia baadaye, bila kupunguza ubora.