Harusi ya Salfa na Zebaki

Jua na mwezi wameozeshwa mara nyingi kwenye picha, lakini waliowaozesha kwelikweli ni mafundi wa rangi. Wanaalkemia wa Ulaya, wakifuata nadharia ya maandishi yanayonasibishwa na Jabir bin Hayyan, waliamini kwamba madini yote huzaliwa na wazazi wawili: salfa, aliye moto na mkavu kama jua, na zebaki, aliye baridi na majimaji kama mwezi. Fundi rangi hakulazimika kuyaamini hayo. Alizichanganya mbili hizo, akapata kitu cheusi kisichovutia. Akakichoma mpaka kikawa mvuke, mvuke ukaganda, na alipousaga mgando ule ukatoka wekundu wa kuwaka kama pilipili iliyoiva. Cennino Cennini, fundi wa Kiitalia, aliandika kwamba ukiisaga rangi hiyo kila siku kwa miaka 20 itazidi kuwa bora. (Bila shaka aliyesaga alikuwa mwanafunzi wake.)

Kitabu cha *Rosarium philosophorum*, kilichochapwa Frankfurt mwaka 1550, kina picha 20 zilizochongwa kwenye mbao. Mfalme amesimama juu ya jua, malkia juu ya mwezi, wameshikana mikono ya kushoto, na njiwa anawashukia. Baadaye wanavua nguo, wanaingia majini, wanakumbatiana. Ukifungua ukurasa ukitarajia fungate, unawakuta kaburini: mwili mmoja, vichwa viwili. Mchongaji hakuwa na wekundu wala dhahabu, alikuwa na mistari tu, na bado kifo kile kinaaminika. Mwanasaikolojia Carl Jung alizifasiri picha hizo mwaka 1946 kama safari ya nafsi; ningependa angeusifu kidogo na mkono ulioshika kisu.

Kwenye sinema, alkemia ikizungumzwa, wengi humtaja mwongozaji Alejandro Jodorowsky. Katika *The Holy Mountain* ya 1973 anaigiza mwenyewe mwanaalkemia anayegeuza kinyesi cha mwizi kuwa dhahabu. Ni tamasha kubwa, lenye kelele kuliko siri. Mimi hunivutia zaidi ukanda wa filamu wenyewe: chumvi za fedha, madini ambayo wanaalkemia waliyahesabu kuwa ya mwezi, zimetandazwa ndani ya jelatini zikisubiri mwanga. Mwanga ukizigusa, jicho halioni badiliko lolote mpaka ukanda utiwe dawa gizani. Hapo fedha huwa nyeusi. Katika filamu ya rangi, rangi hujijenga kando yake, kisha fedha yote huoshwa na kuondolewa, isifike kamwe kwenye skrini.