Namba Mgongoni

Mjukuu wangu anayesoma Bukoba mjini alipokuja likizo hapa Muleba aliniletea filamu katika kompyuta yake. "Babu, hii ni ya mpira," alisema, maana anajua kwamba kwa mpira sikatai. Ilikuwa ni "Looking for Eric", iliyotoka mwaka 2009, kazi ya Mwingereza Ken Loach.

Kisa chake si kigumu. Tarishi wa posta katika jiji la Manchester ameelemewa na maisha. Siku moja anatokewa chumbani na Eric Cantona, mchezaji aliyempenda kuliko wote, naye anampa mawaidha kama mzee wa ukoo. Cantona mwenyewe ndiye anayeigiza nafasi hiyo. Tarishi anataka kujua ni wakati gani uwanjani uliokuwa mtamu kuliko yote, akidhani ataambiwa goli. Anajibiwa kwamba ilikuwa ni pasi, mpira aliompa mwenzake afunge. Hapo niliipenda filamu. Mshangiliaji na mchezaji wameketi pamoja, kila mmoja anaonekana uso, kila mmoja ana jina.

Lakini ndugu msomaji, tazama inavyomalizika. Tarishi anasumbuliwa na jambazi, na wenzake wanakuja kumwokoa, mabasi tele. Wote wamevaa vinyago vya sura ya Cantona. Wanaivamia nyumba ya jambazi na kuivunjavunja. Mjukuu wangu alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nakubali kwamba jambazi yule alistahili kukomeshwa, na kwamba umoja wa marafiki wale nao ni pasi ya namna yake. Hata hivyo, filamu iliyotufundisha muda wote kutazamana usoni inapata suluhisho lake kwa watu kuficha nyuso. Mwongozaji amefanya kichekesho cha jambo ambalo, katika habari ya Cantona, ndilo lililokuwa chungu.

Tarehe 25 Januari 1995, katika uwanja wa Selhurst Park jijini London, Cantona alitolewa kwa kadi nyekundu. Alipokuwa akitoka, mtazamaji alishuka hadi ukingoni akamtukana. Cantona akaruka na kumpiga teke. Alifungiwa kucheza hadi mwisho wa Septemba, na hukumu yake ya kwenda jela wiki mbili ikabadilishwa katika rufani kuwa saa 120 za kuitumikia jamii. Adhabu hiyo sina ugomvi nayo. Mchezaji wa kulipwa akianza kuwapiga waliomlipia kiingilio, mchezo umekwisha. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1996 mtazamaji yule naye alitiwa hatiani kwa maneno na mwenendo wa kutisha, akatozwa faini, na kwamba mle mle mahakamani alimrukia mwendesha mashtaka. Dunia imehifadhi teke na kusahau ulimi. Sababu yake naiona ni nyepesi: mchezaji ana namba mgongoni, mtazamaji hana.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mwaka ule ule wa 1995 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Muleba. Tulicheza na shule jirani. Kijana wetu wa darasa la saba alikosa goli la wazi, na mtu mzima mmoja pembeni akapaza sauti akimtajia ugonjwa uliomwua baba yake. Waliokuwa Kagera miaka ile wanajua ugonjwa ninaousema, na wanajua neno hilo lilivyokuwa kisu. Kijana alitoka uwanjani akamrukia, akampiga ngumi mdomoni.

Kesho yake nilimsimamisha mbele ya shule nzima. Nilimwita Cantona, wanafunzi wakacheka. Nikampeleka nyumbani wiki mbili. Yule mtu mzima sikumwuliza neno. Nilimjua vizuri kwa jina na kwa sauti. Alikuwa amechangia bati za darasa, na darasa la pili lilikuwa bado halijaezekwa. Kijana alirudi, akamaliza shule, lakini kila nilipogawa jezi aliweka mikono nyuma. Hakucheza tena.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi waamuzi wa mambo ya watu tumeligeuza: aliyejikwaa ulimi anakwenda zake nyumbani, na aliyejikwaa mguu ndiye anayehukumiwa. Na ulimi usiohojiwa haukomei kwenye matusi. Tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga zilipokutana Dar es Salaam katika uwanja ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa, mashabiki wa Simba waling'oa viti kwa hasira ya maamuzi ya refa. Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja kwa muda. Klabu zina majina, kwa hiyo zilipatikana. Mikono iliyong'oa viti ilikuwa ndani ya umati, na umati ni kinyago kisichohitaji kununuliwa.

Ndiyo maana mwisho wa filamu ile haukunichekesha. Nilipoviona vinyago vile nilimwona mtu wangu wa bati.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kaitaba kuitazama Kagera Sugar, kijana aliyekaa nyuma yangu alikuwa akimtukana kipa wa wageni na mama yake. Niligeuka nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, unaitwa nani?" Alinitazama, akalitaja jina lake kwa sauti ndogo. Hakutukana tena mpaka filimbi ya mwisho. Swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo, nami mwaka 1995 lilinishinda.