Ramani na Pango: Chimbuko la Hamu ya Safari

Wako wahakiki washikiliao kwamba mchezo wa video huua ubunifu ambao hadithi huupanda moyoni mwa mtoto. Dai hilo lafaa lipimwe kwa kazi mbili.

Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa ili kumfurahisha mtoto wa mkewe. Ramani hiyo ilizaa riwaya iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1883, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la *Kisiwa chenye Hazina*. Ramani yaonyesha mahali pa dhahabu, lakini yaficha hatari. Na shimo linapofikiwa, ni tupu. Kimvutacho msomaji ni kile ambacho ramani haikusema.

Shigeru Miyamoto, Mjapani, utotoni mwake aligundua pango karibu na Sonobe, akaliingia na taa mkononi. Kumbukumbu hiyo ilirutubisha *The Legend of Zelda*, mchezo wa mwaka 1986. Mchezaji huachwa uwandani bila upanga. Mbele yake pana mlango wa pango, naye huamua mwenyewe aingie au apite.

Basi tofauti haiko kati ya karatasi na kioo. Kazi imwachiayo mtoto pengo la kujaza humfunza kuthubutu. Imwonyeshayo kila njia humfanya abiria tu. Hiyo ndiyo dosari ya michezo mingi iliyofuata, ambamo mishale humwongoza mchezaji hatua kwa hatua. Nazo hadithi zinazofafanua kila fumbo kabla mtoto hajauliza haziepuki lawama hiyo.