Mhakiki wa Kibanda Umiza

Siku hizi muvi hazihukumiwi, zinasambazwa tu. Nenda kwa kijana yeyote anayejaza memori kadi, kuanzia mwaloni Nkome hadi stendi ya Geita mjini, umwulize muvi fulani ikoje. Atakujibu, "Hiyo kali." Uliza ya pembeni yake. Nayo kali. Zote kali, na yeye hajaiona hata moja.

Kibanda umiza ninachokikumbuka pale Nkome kilikuwa na mabati makuukuu, mabenchi, deki moja na jenereta iliyowekwa mbali ili isituzibe masikio. Mwenye kibanda alikuwa na mtu wake wa ubao. Tulimwita Mwalimu kwa sababu ya chaki, maana hakuwahi kufundisha popote. Kila alasiri aliandika jina la mkanda, steringi ni nani, kiingilio ni kiasi gani, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, hukumu yake. Hiyo ndiyo tuliyoifuata. "Mwanzo inavuta, msiondoke." "Ngumi nyingi, akili kidogo." Kuna siku aliandika, "Mimi singelipa." Mwenye kibanda akamfokea mbele za watu. Jioni kibanda kikafurika, kila mtu akitaka kujionea huo ubaya.

Hukumu zile hazikuokotwa. Mwalimu aliutazama mkanda asubuhi, peke yake, mpaka mwisho. Alipofika mahali palipomtia shaka aliurudisha nyuma, akazima sauti kabisa, akatazama picha tupu. Ujanja huo aliupata kwenye gazeti la Sani. Katuni za Ndumilakuwili na Lodi Lofa alizisoma huku ameziba maneno kwa kiganja, aone kama mchoro unaweza kujieleza wenyewe. Mtu aliyelelewa na kalamu ya Philip Ndunguru, alikuwa akisema, hawezi kutishwa na mlipuko. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyezisimulia filamu za wageni kwa Kiswahili mpaka zikawa kama zake. Mwalimu alimvulia kofia ila hakumwiga. "Yeye anawasimulia," alisema. "Mimi nawaonya."

Muvi za angani alizitunza kwa ajili ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu mitumbwi hupumzika, na vijana hubaki nchi kavu wakiwa na hela na usiku mrefu. Hao ni watu wanaolisoma anga kwa ajili ya riziki, huwezi kuwauzia nyota za kubandika.

Mkanda wa kwanza wa Star Wars kutufikia ulikuwa Return of the Jedi, ule wa 1983, ambao kwao ulikuwa wa tatu kutoka. Ndani yake kuna rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia, anayesema lugha ambayo hakuna aliyeijua. Alipofungua mdomo, dereva mmoja wa fuso kutoka Nakuru, aliyekuja kupakia dagaa, akaangua kicheko. Kibanda kizima kikamgeukia. Mwalimu akasimamisha deki. "Kaka, unacheka nini?" Dereva akasema yule kiumbe anaongea Kikikuyu, na Kikalenjin pia. Tukamzomea. Mwalimu hakuzomea, aliurudisha mkanda, akamsikiliza dereva akitafsiri, akaurudisha tena. Kesho yake ubao ulisomeka: "Angani kuna Mkenya." Na ni kweli. Sauti ile ilikuwa ya Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa Marekani. Mwalimu hakuwa na namna ya kulijua jina hilo. Alikuwa na masikio, na adabu ya kumwuliza mtazamaji.

Ule wa 1977 ukaja baadaye. Wa 1980, The Empire Strikes Back, ambamo adui anajitaja kuwa ni baba wa steringi, ulichelewa mno. Ulipofika siri ilikuwa imeshatoboka, kwa kuwa wa 1983 ulituambia yote. Mwenye kibanda aliona hasara tupu. Mwalimu akaandika: "Ninyi mnajua. Yeye hajui. Mtazameni uso wake." Nimesoma mengi juu ya filamu hiyo tangu hapo, na sijakuta mstari unaoupita huo.

Kibanda kiligeuzwa kuwa cha mpira, na mpira hauhitaji mhakiki, kila aliyelipa ni kocha. Mwalimu akaondoka na chaki zake. Wakati huohuo Disney wakainunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, 2012, kwa zaidi ya dola bilioni 4, na mfereji ukafunguliwa: filamu, katuni, tamthilia za sizoni. The Mandalorian ilipoanza 2019 nilimkumbuka. Ilipokuja Andor, 2022, nilimhitaji hasa.

Andor haina Jedi wa kurusha upanga wa mwanga. Sehemu zake za mwanzo zinakwenda taratibu, zikirudi kwenye sayari ya Kenari, ambako watoto wanaishi peke yao msituni baada ya maafa ya mgodi. Kuna shimo kubwa la uchimbaji, limeachwa wazi, na mtoto analipita kwa miguu. Tamthilia hiyo imefika Geita, mkoa wenye shimo la dhahabu la Nyankanga na maduara yasiyohesabika ya wachimbaji wadogo, ikiwa kwenye flashi, chini ya jina "Star Wars mpya zote." Mwalimu angeweka ubao barabarani.

Nilimkuta kijana mjini ameshaifuta baada ya sehemu tatu. Nikamwuliza kama aliliona lile shimo.

"Hapo nilipeleka mbele, bro," akasema. "Hakukuwa na mapanga."