Kuoza, Kuvuja au Kutawanyika? Uhakiki wa Istilahi za Uthabiti wa Osiloni katika Kiswahili

Makala haya yanahakiki mazoea yaliyokita mizizi katika uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili: kulishughulikia jina la kitu na kuyaacha matendo yake yajitafutie maneno. Mfano wetu ni osiloni, umbo linalochunguzwa katika nadharia ya uga wa kwanta. Ni mfano wa mbali, lakini unaudhihirisha upungufu huo, kwani hoja nzima kuhusu osiloni imo katika vitenzi.

Osiloni ni sehemu ndogo ya uga inayotetema mahali pamoja kwa muda mrefu, ingawa hakuna chaji inayoilinda. Hapo inatofautiana na mpira-Q wa Sidney Coleman (1985), ambao hulindwa na chaji isiyopotea. Jina lenyewe limebadilika. Bogolyubsky na Makhankov (1976) waliziita pulsoni; Gleiser (1994) akaziita viputo vyenye uthabiti wa bandia; Copeland, Gleiser na Müller (1995) wakatumia osiloni. Basi jina si tatizo. Tulikopa elektroni, na tukope osiloni.

Tatizo la kwanza ni neno "thabiti". Kitu thabiti hakina ndani yake sababu ya kukoma. Osiloni hudumu, lakini si thabiti. Segur na Kruskal (1987) walionyesha, kwa uga wa kipimo kimoja, kwamba mnururisho wa umbo la namna hii ni mdogo kuliko kipeo chochote cha ukubwa wa mtetemo, ila si sifuri. Hii ndiyo sababu mbinu ya kawaida ya kujumlisha vipeo haikuuona. Mfasiri anayeandika "thabiti" panapostahili "yenye kudumu" anaufuta ugunduzi huo kwa neno moja.

La pili ni "kuoza". Katika soko la Arua embe huoza: huharibika kutoka ndani na kugeuka kitu kingine. Osiloni haiozi, huvuja. Mtetemo wake wa msingi una marudio yaliyo chini ya kima kinachoruhusu wimbi kusafiri, lakini vigawe vya marudio hayo huvuka kima hicho na kuondoka na nishati kidogo kidogo. Mwishowe, katika nafasi ya vipimo vitatu, osiloni hufikia kikomo na kutawanyika ghafla. Haya ni matendo mawili yenye kasi mbili. Aidha, Hertzberg (2010) alionyesha kwamba mtetemo unapokuwa mdogo, uvujaji wa kikwanta huuzidi ule wa nadharia isiyo ya kikwanta. Swali la msingi basi ni: inavuja kwa njia ipi? Neno "kuoza" haliliachii swali hilo nafasi.

Huenda ikadaiwa kwamba "kuoza" kunafaa kwa viini vya atomu, na kwamba istilahi zinapaswa kuwiana. Kwa kiini nakubali, maana kiini hugeuka aina. Lakini kuwiana na neno moja la Kiingereza, linalotumika kwa jino, kiini na osiloni sawia, si kuwiana na maumbile.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Huku Arua na Koboko, Kiswahili kimepita kambini, sokoni na mpakani mwa Kongo, kikiishi kando ya Kilugbara na Kikakwa. Mtoto wa hapa anajua paa linavyovuja na umati unavyotawanyika; vitenzi anavyo tayari. Kwa hiyo napendekeza kila ingizo la orodha za istilahi liambatane na sentensi zinazoonyesha matendo ya kitu, na sentensi hizo zipitiwe na mwanafizikia pamoja na mwanaisimu kabla ya kuidhinishwa. Tukimpa mwanafunzi majina bila vitenzi, atakariri kwa Kiswahili na kufikiri kwa Kiingereza, na sera itakuwa imetimizwa kwenye karatasi tu.