Ng', Kistari na Ngeli: Juu ya Kusahihishwa kwa Vitabu vya Marejeo vya LaTeX

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wanaisimu wetu wamezoea kuwaachia mafundi, yaani namna vitabu vya marejeo vya programu za kupanga chapa vinavyosahihishwa. Programu inayohusika hapa ni LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliijenga juu ya TeX ya Donald Knuth. Kitabu cha Lamport kilichapishwa mwaka 1986. Toleo la pili, lililofuata mabadiliko ya LaTeX2e, likatoka mwaka 1994. Marejeo yenyewe yamo katika Kiambatisho C cha kitabu hicho. Baadaye kikazuka kitabu kingine cha marejeo, kisicho rasmi, ambacho hutolewa bure na kuhaririwa na watu wa kujitolea. Hicho kipo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kwa Kiswahili hakipo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya pengo hilo ni tafsiri. Maoni yangu ni kwamba tafsiri peke yake haitatufaa. Kitabu cha marejeo hueleza kile ambacho programu inaweza kufanya, na msomaji hukichukulia kile kisichotajwa kuwa hakiwezekani. Endapo kitabu kilichotungwa kwa kuiwazia lugha moja kitafasiriwa kwa lugha nyingine, ukimya wake nao utafasiriwa.

2. Herufi ng' katika mwambao wa Ziwa

Suala hili haliko mbali na sisi tunaofundisha katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Kisumu ni mji wenye historia yake ya uchapishaji: Asenath Bole Odaga alianzisha huko Lake Publishers mwaka 1982, na Anyange Press ya Bethwell Ogot ilichapisha huko huko, mwaka 2009, historia yake ya Wajaluo na jamaa zao wa Afrika Mashariki. Aidha, Chuo Kikuu cha Maseno, kilichopata hadhi kamili mwaka 2001, hufundisha Kiswahili hadi ngazi za juu. Katika eneo hili lugha mbili kuu, Kiswahili na Kidholuo, zinaitumia nazali moja na kuiandika kwa namna moja: ng'. Mluo husema ng'ato kwa maana ya mtu fulani. Mswahili husema ng'ombe. Na ramani ya Siaya inalo jina la Nyang'oma.

Ritifaa ya ng' si pambo. Kung'oa ni kutoa kitu mzizi wake. Ngoa ni uchu au wivu. Hata hivyo, katika mpangilio wa msingi wa Kiingereza, programu haihesabu ritifaa kuwa herufi. Inapotafuta mahali pa kukata neno mwishoni mwa mstari, husoma mfululizo wa herufi na kusimama inapoikuta alama hiyo. Chukua neno king'ang'anizi. Programu huona herufi nne tu, k-i-n-g, na kwa kuwa kanuni zake zinataka angalau herufi mbili zibaki kabla ya kistari na tatu baada yake, hulipitisha neno zima bila kulikata. Matokeo yake ni mstari unaotokeza nje ya ukingo, au wenye mianya mipana baina ya maneno. Kwa Mwingereza tabia hii ina mantiki yake, kwani ritifaa kwake huonyesha kilichodondoshwa au kumilikiwa. Kwetu sisi alama hiyo ni sehemu ya herufi.

Tatizo la pili ni kwamba alama hiyo hiyo hutumiwa kufungia nukuu moja. Mwandishi anayenukuu neno 'ng'ombe' ameweka alama mbili zenye umbo moja na kazi mbili. Katika marejeo niliyoyataja, sijaona mahali ambapo mwandishi wa lugha kama yetu anashauriwa la kufanya.

3. Kukata maneno

Programu isipoambiwa lugha ya maandishi, huyakata maneno kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Kanuni hizo zilitokana na utafiti wa Frank Liang, aliyeukamilisha Stanford mwaka 1983. Liang alichukua maneno ya kamusi yaliyokwisha kugawanywa, akapata humo ruwaza za herufi zinazoonyesha panapokatika na pasipokatika. Kiingereza hupenda kukata baina ya konsonanti mbili. Tabia hiyo ikitiwa katika Kiswahili, hata samaki wa Ziwa wataharibika: kambare atakuwa kam-bare na sangara san-gara, ilhali silabi zetu zadai ka-mbare na sa-ngara.

Mtu anaweza kujibu kwamba Kiswahili kina kanuni nyepesi: kata baada ya irabu. Kwa maneno mengi yenye asili ya Kibantu kanuni hiyo yatosha. Hata hivyo, haitoshi kwa maneno ya mkopo yenye silabi funge. Ma-ktaba na da-ftari ni makosa. Inafaa mak-taba na daf-tari. Haitoshi pia pale kiambishi cha mtendwa m kinapokuwa silabi peke yake. Linganisha alimbishia na kulimbikiza. Katika la kwanza, m ni silabi kamili (a-li-m-bi-shi-a), hivyo alim-bishia ni mkato mwema, na ali-mbishia humfanya msomaji atamke mbi kama silabi moja kabla hajagundua kosa lake. Katika la pili, kulim-bikiza ni kosa dhahiri. Herufi limbi ni zile zile katika maneno yote mawili. Kinachoyatenganisha ni mofolojia.

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Mbinu ya Liang haihitaji programu mpya. Inahitaji orodha kubwa ya maneno yaliyogawanywa kwa uangalifu, na hakuna fundi wa kompyuta atakayeitunga orodha hiyo kwa niaba yetu. Tena, haja yetu ni kubwa kuliko ya Mwingereza, kwa kuwa Kiswahili huunganisha katika neno moja yale ambayo yeye huyatenga. Neno kama watakapotuelimisha lisipokatwa vizuri huuvuruga mstari mzima.

4. Upatanisho wa kisarufi

Programu huandika vichwa vya sura kwa kuweka jina kisha namba. Hapo awali neno la Kiingereza lilikuwa limefungwa ndani ya programu. Baadaye likafanywa amri inayoweza kubadilishwa, na lugha za Ulaya zikanufaika. Kiswahili, hata hivyo, kinadai kihusishi kinachopatana na ngeli: Sura ya 1, Jedwali la 2, Kielelezo cha 3, Mchoro wa 4. Wengi wetu hukwepa shida kwa kuandika "Jedwali 2", na kama anwani jambo hilo lavumilika. Ndani ya sentensi halipendezi. Akitokea mtu akaibadili amri iseme "Sura ya", atakwama pale jina linaposimama bila namba, na atakwama tena atakapotaka "Sura za 2 na 3".

Faharasa nayo ina kasoro yake. Isipoelekezwa, programu itavirundika vitenzi vyote vya ku- chini ya K. Njia ya kuliagiza neno kusoma lipangwe chini ya S ipo, lakini mwandishi wetu hana mfano wa lugha yake wa kuufuata.

5. Pingamizi moja

Huenda mtu akadai kwamba haya ni makosa ya programu, na kwamba kitabu hakina hatia. Dai hilo halina nguvu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 1990, ambalo liliwezesha kanuni za lugha kadhaa kukaa pamoja, Knuth ameamua kutoiongezea TeX mambo mapya. Uwezo tunaouhitaji umekuwepo tangu wakati huo. Kilichokosekana ni maelezo na data za lugha.

Uzoefu wa Dar es Salaam unafundisha. Mwaka 2004, chini ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha huko kilitoa Jambo OpenOffice, na hivyo kuthibitisha kwamba orodha za amri zaweza kusomeka kwa Kiswahili. Sifa hiyo ni yao. Lakini istilahi za kwenye skrini haziamui neno likatwe wapi katika ukurasa.

6. Hitimisho

Napendekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, idara zetu zitunge orodha ya maneno yaliyogawanywa silabi, zikianza na maneno ya mkopo na vitenzi vyenye kiambishi cha mtendwa m. Pili, iandikwe sura moja ya marejeo kuhusu ng', upatanisho wa namba na faharasa, itakayowafaa pia waandishi wa Kidholuo katika sehemu ya ng'. Baada ya hapo tafsiri ya kitabu kizima itakuwa na maana. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya Kiswahili leo hukabidhiwa kurasa zilizokatwa kwa sikio la Kiingereza, na mtahini humlaumu yeye. Lawama hiyo tungeanza kuibeba sisi walimu wake.